PyPy: Python iliyoandikwa kwa Python

Februari 2003, wataalamu wachache wa kompyuta walikutana Hildesheim, Ujerumani, wakiwa na nia moja: kuiandika Python kwa Python yenyewe.

Lugha hiyo, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, iliendeshwa na CPython, intapreta iliyoandikwa kwa C. Intapreta ndiyo husoma maagizo ya mwandishi na kuyatekeleza moja baada ya jingine. CPython haikukosa washindani wala wasaidizi. Mwaka 1997 Jim Hugunin aliijenga Python upya juu ya Java, na baadaye Armin Rigo akaunda Psyco, nyongeza ya kuipa CPython kasi. Rigo huyo huyo, Holger Krekel na Christian Tismer wakawa miongoni mwa waasisi wa PyPy, mradi huo uliozaliwa Hildesheim.

Umoja wa Ulaya uligharimia kazi hiyo kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2007. Matoleo ya awali yalikuwa ya kutia aibu. Yalijikokota mno nyuma ya CPython.

Kilichoyaokoa ni ujanja wa kuifanya intapreta iwe macho kazini. Kitanzi, yaani hatua zinazorudiwa, kikizunguka mara 1,039, PyPy hukiona kimepamba moto, hunakili hatua zake na kuzigeuza ziwe maagizo ya prosesa moja kwa moja. (Kwa nini 1,039, si 1,000? Waulizwe wenyewe.) Zaidi ya hapo, sehemu inayofanya ugeuzaji huo haikuandikwa kwa ajili ya Python pekee: huzalishwa kutokana na intapreta yoyote iliyoandikwa kwa RPython, lahaja iliyobanwa ya Python. Ndiyo maana Topaz, intapreta ya Ruby, ilijengwa kwa zana hizo hizo. Uzalishaji wenyewe huchukua muda mrefu, na anayesubiri huchorewa umbo la Mandelbrot kwenye skrini, herufi kwa herufi.

Novemba 2010, kwa toleo la 1.4, PyPy iliweza kujizalisha yenyewe haraka kuliko CPython.

Hata hivyo haikuing'oa CPython kitini. NumPy na maktaba nyingi za sayansi zimeandikwa kwa C na kufungamana na matumbo ya CPython. PyPy huzifikia kwa kuzunguka, na mara nyingi mzunguko huo huila kasi iliyochumwa. Watu wa takwimu wakabaki walikokuwa.

Python 2, kizazi cha zamani cha lugha hiyo, ilistaafishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. PyPy iliendelea kutoa toleo lake la Python 2.7, kwa sababu zana zinazoizalisha zimeandikwa kwa Python 2 hiyo hiyo.