Sanduku, Ukuta na Droo: Historia ya Utunzaji wa Zana katika Gereji ya Nyumbani

Gereji ya nyumbani, yaani chumba au banda lililojengwa katika kiwanja cha makazi ili gari lilale humo na mwenye nyumba alifanyie matengenezo yaliyo ndani ya uwezo wake, ni jambo jipya katika historia ya ujenzi, na utaratibu wa kupanga zana ndani yake ni mpya zaidi. Sura yake inayojulikana leo, yenye ubao wa matundu ukutani, meza ya kazi chini yake na kabati la chuma lenye droo pembeni, ilijengeka Marekani kati ya mwanzo wa karne ya 20 na miaka ya 1960. Wengi hudhani kwamba mpangilio huo ulizaliwa na hulka ya mwenye nyumba apendaye unadhifu, lakini historia ya ufundi inaelekeza kwingine. Yaliyohamia nyumbani ni mapokeo mawili yaliyokuwa yakivutana viwandani: la fundi aliyemiliki zana zake na kuzifungia sandukuni, na la kiwanda kilichomiliki zana na kutaka zionekane na kuhesabika wakati wote.

Pokeo la kwanza ndilo kongwe. Katika Uingereza na Marekani za karne ya 18 na ya 19, seremala au mtengeneza samani aliyeajiriwa alitarajiwa kufika kazini akiwa na zana zake mwenyewe, kwa hiyo sanduku lake lilikuwa mtaji na lilikuwa pia ushahidi wa ujuzi, kwa kuwa msimamizi aliyemwona mtu akilifungua aliweza kukisia kiwango chake kabla hajashika randa. Masanduku mengi ya aina hiyo yalikuwa ya mbao za kawaida zilizopakwa rangi nje, huku urembo wote ukifichwa ndani, upande wa chini wa kifuniko, mahali ambapo mgeni asingeuona bila kukaribishwa. Mfano uliovuka mipaka yote ni sanduku la Henry O. Studley (1838–1925), fundi wa vinanda na piano wa Massachusetts, ambalo kwa hakika ni kabati la mahogani la kutundikwa ukutani. Likifungwa, urefu wake ni takriban mita moja, upana nusu mita na kina kisichozidi sentimita 25, na bado ndani yake mna zana karibu 300. Nafasi hiyo ndogo inatosha kwa sababu baadhi ya vipande vya ndani vimefungwa bawaba na hufunguka kama kurasa, vikifichua tabaka la pili la zana na kwingine la tatu, kila zana ikishikwa na kibanio kilichochongwa kwa umbo lake peke yake, na pembezoni mkiwa na mapambo ya mpingo, pembe za ndovu na lulumizi. Si haki kulitumia sanduku hilo kupima kazi za mafundi wengine wa zama zake, lakini kanuni inayoliongoza, kwamba kila zana iwe na mahali pamoja tu na mahali hapo pasipokee zana nyingine, ndiyo kanuni ambayo gereji za baadaye ziliifuata kwa vifaa duni zaidi.

Mafundi wa mashine, yaani wale waliokereza na kukata vyuma kwa vipimo vya hali ya juu, walihitaji sanduku la namna nyingine. Zana zao za thamani hazikuwa misumeno na patasi bali vyombo vya kupimia, ambavyo mkwaruzo mdogo au kugongana huweza kuviharibu. Mnamo 1906, mjini Dayton, Ohio, Harry Gerstner alianza kutengeneza masanduku ya mbao yenye droo nyingi fupi, sakafu ya kila droo ikiwa imetandikwa kitambaa laini cha sufu, na kuanzia 1911 kampuni ya Kennedy ya Van Wert, katika jimbo hilohilo, ikayatengeneza ya chuma. Ufupi wa droo ndio uvumbuzi wenyewe. Katika sanduku la kina zana hulala juu ya zana, na anayetafuta ya chini hulazimika kuzitoa za juu; katika droo yenye kina cha vidole viwili au vitatu hakuna nafasi ya tabaka la pili, hivyo kila kilichomo huonekana mara droo inapovutwa. Kabati la magurudumu linalouzwa leo kwa wenye gereji ni mjukuu wa moja kwa moja wa sanduku hilo.

Pokeo la pili lilitokana na mashaka ya wenye viwanda kuhusu sanduku la fundi. Frederick W. Taylor, mhandisi wa Philadelphia aliyejulikana kwa kupima kazi za wafanyakazi kwa saa, alieleza katika kitabu chake cha 1903 kuhusu uendeshaji wa karakana kwamba zana ziwe za kiwanda, zinolewe kwa umbo moja lililokubaliwa, na zitunzwe katika stoo maalumu chini ya mtunzaji wake. Stoo za aina hiyo zilitumia mfumo mwepesi wa vibati: mfanyakazi alipewa vibati kadhaa vya shaba vyenye namba yake, na kila alipoazima zana, kibati kimoja kilitundikwa mahali zana ilipotoka, kikabaki hapo mpaka irudi. Ukuta wa stoo ukawa daftari linalosomeka kwa kutazama tu. Mafundi hawakuupokea mpango wa Taylor kwa furaha, na mwaka 1911 wasubuaji wa kiwanda cha silaha cha serikali cha Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu ya kupimwa kwa saa. Lakini stoo ya zana ilidumu hata pale ambapo saa iliondolewa.

Gari lilipoingia majumbani, halikukuta mahali palipoandaliwa. Matajiri walionunua magari mwanzoni mwa karne ya 20 waliyaweka katika mabanda ya farasi au katika gereji za kulipia mjini, na matengenezo yalikuwa kazi ya dereva wa kuajiriwa. Petroli iliogopwa kwa sababu ya moto, ndiyo maana gereji za mwanzo zilijengwa mbali na nyumba, nyuma ya kiwanja. Kuziunganisha na nyumba kulikuja kuzoeleka baadaye sana. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Model T, gari ambalo Ford ilianza kuliuza Oktoba 1908 na ambalo lilitengenezwa kwa zaidi ya magari milioni 15 kabla ya kusitishwa 1927. Mnunuzi wake wa kawaida, hasa mkulima, hakuwa na dereva wala hakuwa na gereji ya biashara karibu, lakini alikuwa na mazoea ya kutengeneza mashine za shambani. Gari lilikabidhiwa pamoja na zana zake: jeki, pampu ya upepo, bisibisi, koleo, spana ya kurekebisha, vyuma vya kutolea matairi, na spana zilizotengenezwa kwa ajili ya plagi na mikanda ya gia. Zana za kwanza za mwenye gari, kwa hiyo, hazikuwa na mahali nyumbani, kwa kuwa mahali pake palikuwa ndani ya gari lenyewe, ambako zilihitajika barabarani.

Zilizozifanya zishuke garini ni soketi, yaani vikombe vya chuma vinavyovishwa kichwa cha nati na kuzungushwa kwa mpini, ambavyo mafundi wengi wa Tanzania huviita bokspana. Mwanzoni kila kikombe kilikuwa na mpini wake wa kudumu. Mwaka 1920, mjini Milwaukee, Joseph Johnson na mwenzake William Seidemann walianzisha kampuni ya Snap-on kwa wazo la kutenganisha viwili hivyo: mipini 5 na soketi 10 zinazobadilishana zilifanya kazi ya spana 50. Hesabu hiyo ilipunguza gharama na uzito, ila ilizaa usumbufu wa namna mpya, kwani soketi ya saizi moja hufanana mno na ile inayoifuata, ni ndogo, ni ya mviringo, na hubiringika. Wauzaji wenyewe ndio waliotoa dawa. Seti ziliuzwa katika visanduku vya chuma vyenye kitundu kwa kila saizi, na kitundu kitupu kilimwambia mwenye seti kwamba kuna kilichobaki kwenye injini. Sears, iliyosajili jina la Craftsman mwaka 1927, ilizifikisha zana za namna hiyo kwa watu wasio mafundi, kupitia katalogi iliyouza pia majengo ya gereji yakiwa vipande vya mbao vilivyokatwa tayari kuunganishwa.

Ukuta ulipata nafasi yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na malighafi yake ilikuwa mabaki ya mbao. Mwaka 1924 William H. Mason, akifanya kazi Laurel, Mississippi, alivumbua njia ya kuvipasua vipande vya mbao kwa mvuke wenye shinikizo kubwa hadi viwe nyuzi, kisha kuzibana kwa joto ziwe ubao mwembamba na mgumu, unaoshikamana kwa kiunganishi cha asili kilichomo ndani ya mbao bila gundi ya kuongezwa. Ubao huo, uliouzwa kwa jina la Masonite, ulitobolewa matundu kwa mistari, tundu na tundu vikitengana kwa inchi moja, yaani takriban milimita 25, na ukapewa ndoano za waya zinazochomekwa na kuhamishwa bila nyundo wala msumari. Ulianza kujulikana madukani, ambako wauza bidhaa waliutumia kutundika vitu vya kuonyesha, ndipo ukaingia gerejini. Sababu ya kupendwa kwake ni ya vipimo tu. Gari hula karibu sakafu yote, na kinachobaki kando yake ni ujia ambao mtu hupita kwa ubavu. Rafu ya kina ingeuziba, ilhali ubao uliobanwa ukutani huchukua unene wa zana yenyewe.

Kipindi hicho kilikuwa pia kipindi cha vijana waliorudi vitani wakiwa wamejifunza ufundi jeshini, na cha magari ya zamani yaliyofumuliwa na kuongezewa mwendo katika mabanda ya nyumbani. Jarida la Hot Rod lilianza California Januari 1948 likiwalenga hao. Si kila nyumba mpya ilikuwa na gereji: nyumba zaidi ya 17,000 za Levittown, New York, zilizoanza kujengwa 1947, hazikuwa nayo kwa sehemu kubwa, na wakazi wengi walijiongezea wenyewe. Majarida kama Popular Mechanics, lililokuwapo Chicago tangu 1902, yaliwafundisha kuchora kivuli cha kila zana kwenye ubao, yaani kufuatisha ukingo wake kwa rangi ili pengo lionekane zana isipokuwapo. Hapa ndipo kibati cha shaba cha kiwandani kilipovaa nguo za nyumbani, isipokuwa kwamba aliyekaguliwa na mkaguzi walikuwa mtu mmoja, au pengine baba na wanawe walioazima koleo bila kuaga. Ushahidi uliohifadhiwa vizuri kuliko wote wa desturi hiyo unatoka jikoni: mpishi maarufu Julia Child na mumewe Paul walipoipanga nyumba yao ya Cambridge, Massachusetts, mwaka 1961, Paul alichora mikingo ya masufuria kwenye ubao wa matundu, na jiko hilo zima sasa limo katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Ukuta ulikuwa na kasoro zake. Zana zilishika vumbi na kutu, ndoano zilichomoka pamoja na spana, na mlango wa gereji ulipofunguliwa mtaa mzima uliona kilichomo, jambo lililowapendeza baadhi ya wenye nyumba na kuwavutia wezi. Pigo kubwa zaidi lilitokana na vipimo. Magari ya Kijapani na ya Kiulaya yalitumia nati za milimita, na tangu miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani nao walianza kuhamia huko, kwa hiyo aliyekuwa na seti moja ya inchi alihitaji seti mbili zinazofanana kwa sura na zisizopaswa kuchanganyika. Ubao uliotosha zana 40 haukutosha 100, na droo fupi za fundi wa mashine zikarudi, safari hii kwenye kabati la magurudumu. Mafunzo ya Kijapani ya kupanga karakana, yanayojulikana kwa maneno matano yanayoanza na seiri, yaani kutenga kisichohitajika, na seiton, yaani kukipa kinachohitajika mahali pake, yalipofika Marekani yalipokewa kama jambo geni kabisa, ingawa robo tatu ya karne kabla yake Taylor alikuwa ameandika mengi yanayokaribiana nayo. Kwa sasa zana si mshindani mkubwa wa nafasi hiyo tena: watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliozichunguza nyumba 32 za Los Angeles mwanzoni mwa karne ya 21 walikuta gereji tatu kati ya kila nne zimejaa vitu vya nyumbani kiasi cha kulinyima gari nafasi.

Afrika Mashariki ilipokea gari bila kuipokea gereji ya nyumbani kwa upana huo. Nyumba za maofisa wa kikoloni zilikuwa na banda la gari, lakini zana hazikuwa za mwenye nyumba, na baada ya uhuru mabanda mengi yaligeuzwa stoo au vyumba vya kupangisha. Matengenezo yalikwenda kwa fundi wa mtaani, ambaye hana ukuta wa kutundikia wala mlango wa kufunga usiku. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, lilikuwa miongoni mwa taasisi za kwanza kuitambua kazi ya watu wa namna hiyo kuwa sekta ya uchumi, na eneo la Kamukunji jijini Nairobi, lililotembelewa na Rais Daniel arap Moi mwaka 1985, likawa alama ya jua kali, yaani ufundi huo wa kujiajiri mitaani, pamoja na masanduku ya bati yanayofuliwa hapo. Fundi wa gari aliyezoea magari ya Kijapani huhitaji zaidi spana namba 10, 12, 14 na 17, na kwa kuwa huzitambua kwa namba hizo na pengine kwa kuzipapasa tu, sanduku lisilo na droo humtosha. Katika vyuo vya ufundi vya eneo hilohilo, ambako zana ni mali ya chuo, ukuta wenye vivuli vilivyochorwa ni wa kawaida, na mwanafunzi husaini daftari kabla ya kukabidhiwa soketi. Anapohitimu na kuanza kununua spana zake moja baada ya nyingine kwa malipo ya kila kazi, ukuta hubaki chuoni naye hutafuta sanduku lenye kufuli.