Gari lililozaliwa gereji

Subaru ni neno la Kijapani, na maana yake ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa huku kwetu walikitazama tangu zamani wakipima majira ya kulima. Nembo ya gari hilo ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Zile tano ni kampuni zilizounganishwa mwaka 1953 kuunda Fuji Heavy Industries, na ile kubwa ndiyo kampuni iliyotokana nazo. Ninaanza na jina kwa sababu katika mji kama Sumbawanga jina hilo limepata sifa ambayo haifanani na historia yake. Mtu anayetunza Subaru Impreza au Forester ya miaka ya tisini, akaibadilisha shokapu, akaipandisha, akaifungua injini yake Jumamosi nzima, huonekana ama ameiga vijana wa Nairobi na Dar es Salaam, ama ameshindwa kuachana na mkweche. Hoja yangu ni kwamba watu hao wanafanya kazi ileile iliyolizaa gari hilo. Subaru inayosukuma magurudumu yote manne haikuanzia kwenye meza ya mchoraji wa kiwanda. Ilianzia gereji, katika nchi ya milima na baridi, kwa watu waliokuwa na njia mbaya ya kupita.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, lilikuwa na tabu ya kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya zilizopita milimani wakati wa theluji. Walikuwa na magari ya aina ya jipu, lakini yalikuwa ya baridi na ya kuchosha kwa safari za kila siku. Wakala wa Subaru wa mkoa wa Miyagi ndiye aliyepokea ombi lao. Mafundi wake walichukua gari dogo la FF-1 1300G, lililosukumwa na magurudumu ya mbele peke yake, wakalifunga nyuma difu ya gari la mshindani, Nissan Bluebird. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya jinsi injini ya Subaru ilivyolala: pistoni zake zinatazamana kushoto na kulia, injini imeelekea mbele, na giaboksi imenyooka nyuma yake katikati ya gari. Kupeleka nguvu nyuma kulihitaji shafti moja iliyonyooka, jambo ambalo lingemshinda fundi wa magari mengi madogo ambayo injini zake zimewekwa kingamo. Kiwanda kililiona gari hilo, kikalichukua, kikalionyesha Tokyo mwaka 1971, na mwaka 1972 kikaanza kuuza Leone ya magurudumu manne. Ni kweli Miyagi hawakuwa mafundi wa chini ya mwembe. Walikuwa wakala rasmi, na kampuni iliwaunga mkono. Hata hivyo hatua ya kwanza ilikuwa ya watu wenye spana, waliolibadilisha gari lililokwishatoka kiwandani kwa spea ya gari jingine, kwa sababu mahali pao palidai hivyo.

Sasa tuangalie mahali petu. Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili: upande mmoja Ziwa Tanganyika, lililo mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande wa pili bonde la Ziwa Rukwa, ambalo halipishani nalo sana kwa kimo. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anayetoka mjini kwenda Muze au Mtowisa, au anayeshuka kuelekea Kasanga au Kirando, anateremka karibu mita elfu moja, na akirudi anazipanda zote. Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa ya malori, Land Rover na Land Cruiser. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye zaidi ya kilomita 220, ilipata lami kutokana na mkataba ambao Tanzania na Marekani zilitia saini mwaka 2008 chini ya mfuko wa Changamoto za Milenia. Naamini lami hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa gari dogo Ufipa. Kabla yake, gari lililo chini kiasi cha kugusa matuta ya udongo lisingemaliza msimu mmoja wa mvua. Baada yake likawezekana gari la kati na kati, linalokimbia kwenye lami mpaka Mbeya na ambalo bado halikatai kilomita arobaini za tope. Subaru iliundwa kwa hitaji kama hilohilo.

Namna magari haya yalivyotufikia nayo ina historia yake. Katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini fedha za kigeni zilikuwa haba, na gari binafsi lilikuwa kitu cha kurithishana. Peugeot na Land Rover ziliendeshwa hata bati la chini likaisha, na ndipo mafundi wetu walipojifunza kuchonga, kuchomelea na kubahatisha. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na enzi ya Rais Mwinyi ikapanua mlango huo. Wakati huohuo Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi, ilikuwa na ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, wenye gharama inayomfanya mwenye gari la miaka kumi aone afadhali kuliuza. Kenya iliamua kutopokea gari lililozidi umri wa miaka minane. Tanzania haikufunga mlango. Ilichagua kuongeza ushuru kadiri gari linavyozeeka, na kutoza ushuru mwingine kwa ukubwa wa injini, ngazi ikipanda pale injini inapozidi sentimita za ujazo 2,000. Injini ya Subaru ya EJ20 ina 1,994. Hesabu hiyo ndogo inaeleza kwa sehemu kwa nini tunaziona za lita mbili nyingi kuliko za lita mbili na nusu.

Sifa ilitoka Kenya. Mwaka 1980 Subaru ilipeleka Leone ya magurudumu manne kwenye mbio za Safari, kabla Audi haijaushangaza ulimwengu wa mbio kwa Quattro yake. Mwaka 1990 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nane kwa Legacy ya kundi la magari yanayokaribiana sana na yale ya dukani. Kisha Colin McRae akashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza. Ushindi huo ulimfundisha kijana kutaka rangi ya buluu, rimu za dhahabu na ekzosi yenye kelele. Mimi naona somo lake lilikuwa jingine. Magari ya Safari yalipandishwa juu na kukingwa chini kwa bamba nene la chuma. Hakuna aliyeshinda kwenye njia zile kwa gari lililokaribia kulamba ardhi.

Hapa ndipo utunzaji na ubadilishaji vinapokuwa jambo moja. Kwenye mita 1,800 uzito wa hewa umebaki kama asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Yenye turbo hupoteza pungufu ya hapo, maana inajisukumia hewa yenyewe. Kwa hiyo anayetafuta Forester ya turbo Sumbawanga ana sababu ya kimaumbile, si ya kujionyesha tu. Maji nayo huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Injini inalindwa na mgandamizo uliomo ndani ya mfumo wa maji, na mgandamizo huo unashikiliwa na mfuniko wa rejeta, kifaa cha bei ndogo ambacho wengi hukipuuza. Mfuniko uliolegea Dar es Salaam unaweza kusameheka. Ukilegea kwenye mpando wa kutoka bonde la Rukwa, gari linachemsha, na baadhi ya injini za EJ, ukoo wa ile EJ20, zina sifa mbaya ya kuunguza gasketi ya silinda hedi. Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na kwa nyingi za injini hizi ukikatika valvu hukutana na pistoni. Mnunuzi asiye na hakika kama kilomita za kwenye dashibodi ni za kweli hana budi kuubadilisha siku ya kwanza. Na yako matairi. Gari linalosukuma magurudumu yote manne linataka matairi manne yanayolingana mduara. Ukinunua moja moja ya mtumba, leo pana, kesho lililoisha, giaboksi itakuwa inapigana na yenyewe mpaka ife. Fundi anayejua haya manne ni hazina kuliko duka zima la mapambo.

Pingamizi zipo, na si za kudharau. Kwanza wanasema Subaru inakula mafuta kuliko Toyota ya ukubwa uleule, na spea zake ziko Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga. Ni kweli, na ndiyo maana mahindi na abiria wa Rukwa hubebwa na Toyota na malori. Sidai kwamba Subaru ndiyo gari la uchumi wa Ufipa. Ninachodai ni kwamba umbali huo ndio unaomlazimisha mwenye gari kujua gari lake, aagize kitu sahihi mara moja. Pili wanasema gari lililobadilishwa ni hatari barabarani. Pingamizi hili ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani, na sipingani na trafiki anayesimamisha gari lililokatwa springi ili lishuke, maana springi iliyokatwa inaliharibia gari breki na mshiko kwenye kona. Lakini breki kubwa zilizotolewa kwenye Subaru yenye nguvu zaidi na kufungwa kwenye ile dhaifu, kwa boliti zilezile, zinaongeza usalama kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ukingo wa uwanda wetu. Ubadilishaji hauwezi kuhukumiwa kwa jumla. Uulizwe kila mmoja umelitendea nini gari kwa njia linayopita.

Kuna kishawishi cha kusema kwamba mafundi hawa ni wajukuu wa wahunzi wa Ufipa, na nimekiepuka kwa makusudi, kwa sababu fundi wa leo alijifunza kwa Land Rover na Peugeot, si kwenye tanuri. Ila ulinganisho mmoja una faida. Wafipa walifua chuma mara mbili. Kwanza katika ilungu, tanuri refu la udongo lililozidi kimo cha mtu na kuvuta hewa lenyewe bila mivukuto. Kisha kile kilichotoka, kisichofaa bado kwa jembe, kilisafishwa tena kwa mivukuto katika tanuri dogo, kintengwe. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliyazima matanuri hayo, na mwanaakiolojia Profesa Bertram Mapunda alilazimika kuchimba na kupima mabaki ili kueleza jinsi kazi ilivyofanywa. Baadhi ya malungu yangali yamesimama mashambani, lakini watu walioyawasha hawapo wa kuulizwa.

Injini za EJ nazo zina mwisho wake. Zilianza mwaka 1989. Mwaka 2019 Subaru iliiaga EJ20 nchini Japani kwa magari 555 ya mwisho, na wanunuzi walipatikana kwa bahati nasibu. Zilizoko Sumbawanga, Laela na Namanyere zitaendelea kufunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi, kwa gasketi za mtumba na kwa vipimo ambavyo fundi anavijua kichwani. Vipimo hivyo vinaweza kuandikwa kwenye daftari, kwa Kiswahili: boliti ipi ikazwe kwanza, kwa nguvu kiasi gani, kwenye kimo hiki. Wenye kuvijua wapo, na bado wanashika spana.