Mwanza, 1991: Dawa za zahanati zilipovibana VVU

Mtu mwenye kidonda sehemu za siri hasemi haraka. Akifika zahanati atataja kichwa, kisha mgongo, na mganga mzoefu atangoja wengine watoke ndipo amuulize hasa lililomleta. Zamani vijijini, hata aliyejikaza akasema aliweza kurudi mikono mitupu: boksi la dawa la mwezi limekwisha, au vilivyobaki ni vidonge ambavyo kisonono kilishavizoea.

Mkoani Mwanza hali hiyo ilianza kubadilika 1991. Watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, shirika la afya la AMREF na chuo cha tiba za kitropiki cha London walichagua maeneo 12, mengine visiwani na ufukweni mwa ziwa, mengine kando ya barabara kuu, wakayapanga jozi 6. Katika kila jozi eneo moja lilipata huduma bora za magonjwa ya zinaa. La pili lilingoja miaka miwili.

Huduma hizo hazikuwa na makuu. Watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu kwa dalili. Mwanamume anayetoka usaha alitibiwa kisonono na klamidia kwa pamoja, mwenye kidonda akatibiwa kaswende na pangusa, siku hiyohiyo, pasipo kungoja maabara ambayo haikuwepo. Wasimamizi walipita mara kwa mara. Na dawa zilifika! Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo lililobeba mengine yote, maana mafunzo bila dawa ni mazungumzo tu.

Kati ya watu wazima zaidi ya 12,000 waliofuatiliwa, maambukizi mapya ya VVU kwa miaka miwili yalikuwa asilimia 1.2 kwenye maeneo yenye huduma bora na 1.9 kwenye yale mengine. Ni pungufu la takribani asilimia 40, bila chanjo wala dawa ya VVU yenyewe. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo hayo 1995, na dunia ikageukia Mwanza. Kidonda ni mlango wa virusi; ukiufunga, vinakosa pa kupita.

Halafu ukaja utafiti wa Rakai, Uganda, upande wa pili wa ziwa. Huko dawa zilipelekwa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, mgonjwa na mzima wakanywa. VVU havikupungua. Wataalamu walibishana sana: Rakai virusi vilikuwa vimeshaenea kwa asilimia 16 hivi ya watu wazima, Mwanza takribani 4. Lakini mimi natazama pia kalenda. Anayepata kisonono wiki moja baada ya wagawa dawa kuondoka atakaa nacho miezi, ilhali zahanati yenye dawa iko wazi hata kesho.

Baadaye Mwanza ikatoa somo jingine, safari hii kuhusu wajawazito. Kati ya waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, karibu robo walijifungua mtoto mfu. Waliochomwa sindano moja ya benzathine penicillin, uniti milioni 2.4, hawakuwa na hatari kubwa kuliko wanawake wasio na ugonjwa.

Mama, ukienda kliniki ya wajawazito, uliza kama umepimwa kaswende. Na baba naye aende.