Silinda moja ya Isecheno na silinda sita za Honda

Wiki jana niliweka video ya fundi wetu hapa steji ya Isecheno akifungua kichwa cha injini ya Boxer, na mtu mmoja akaandika chini yake: "Silinda moja ni ya posho mill, si ya pikipiki. Wenzetu wako na nne." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, halafu ikaniuma, kwa sababu hiyo injini ndiyo ililipa karo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni kabla mambo yakatike na nirudi nyumbani. Kwa hivyo leo najibu, na jibu ni refu.

Ninachosema ni hiki: idadi ya silinda kwenye pikipiki mara nyingi huamuliwa na watu wenye kalamu, kabla fundi hajashika spana. Imekuwa hivyo kwenye mbio kubwa za dunia, na ndivyo ilivyo kwetu huku msituni.

Anza na kazi yenyewe. Nguvu ya injini inatoka kwa milipuko. Ukitaka nguvu zaidi bila kuongeza cc, lazima upate milipuko mingi zaidi kwa dakika. Shida ni kwamba pistoni inaenda juu, inasimama, inarudi chini, inasimama tena, na pistoni kubwa ni nzito, ukiizungusha sana inavunja vitu. Boxer ya cc 150 inatoa nguvu za farasi kama 12 ikizunguka mara 7,500 hivi kwa dakika. Lakini ukikata hiyo nafasi moja kubwa kuwa vipande vidogo, kila pistoni inakuwa nyepesi na safari yake inakuwa fupi, na unaweza kuzungusha mpaka masikio yaume.

Hapo ndipo Honda walifika miaka ya 1960. Mwaka 1964 kwenye mbio za cc 250 walikuwa na silinda nne, na bado Phil Read akawapiga na Yamaha ya silinda mbili tu. Ile Yamaha ilikuwa ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli kama pawasoo (ile ambayo askari wa msitu akiisikia huku Isecheno, mtu anakimbia). Injini hiyo inalipuka kila mzunguko, wakati ya Honda, sawa na Boxer yako, inalipuka mzunguko mmoja na kupumzika mmoja. Jibu la Honda lilikuwa silinda sita. Sita! Ndani ya cc 250! Kila moja cc 41 hivi, nafasi ndogo kuliko kikombe cha chai cha hapo hotelini. Valvu 24, ekzosi sita zikitoka nyuma kama vidole, nguvu za farasi karibu 60, mizunguko 18,000 kwa dakika.

Aliyeipanda mara ya kwanza kwenye mbio, Monza Septemba 1964, alikuwa Jim Redman, Mwingereza aliyehamia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwenzake wa huko huko, Gary Hocking, alikuwa ameshachukua ubingwa wa cc 350 na 500 mwaka 1961. Walikuwa walowezi, najua, sisemi tupige kelele za ushindi wa Afrika. Nasema tu barabara zetu zimewahi kutoa madereva. Mike Hailwood ndiye aliyekuja kuipandisha hiyo sita kileleni, bingwa 1966 na tena 1967.

Wengine nao hawakulala. Suzuki walikuwa na ka-nduthi ka cc 50 chenye silinda mbili na gia 14. Gia kumi na nne! Wakaunda hata kenye silinda tatu, cc 50 hizo hizo, na hicho hakikukimbia hata mbio moja.

Kwa nini? Kalamu. Pesa zilikuwa zimezidi, viwanda vidogo vya Ulaya vimeachwa nyuma, na FIM, wale wanaosimamia mbio za pikipiki duniani, wakaandika sheria: cc 50 silinda moja kuanzia 1969, cc 125 na 250 zisizidi silinda mbili kuanzia 1970, gia zisizidi sita. Honda hawakungoja, walishajitoa kabla ya msimu wa 1968. Ile sita haikuondolewa na injini nyingine. Mlango ulifungwa, basi.

Na wale wa kucheka silinda moja, sikilizeni hapa. Mwaka 1961 huko Ujerumani Mashariki kulikuwa na kiwanda kinaitwa MZ, hakina pesa, na mhandisi wake Walter Kaaden alikuwa na silinda moja ya cc 125. Akaitengeneza ekzosi kwa hesabu, ile yenye tumbo, ili wimbi la moshi likigonga mwisho lirudi na kusukuma petroli mbichi ndani kabla haijapotea. Akapata farasi 25. Linganisha na Boxer. Ni mara mbili, na cc ni chache kuliko za Boxer! Dereva wake, Ernst Degner, alitoroka mwaka huo huo wakati wa mbio za Sweden, akaenda na ujuzi huo Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki wakawa mabingwa wa cc 50, Degner akiwa juu yake. Silinda moja, wasee. Ilikuwa na thamani ya mtu kuvuka mpaka.

Honda waliporudi mwaka 1979 sheria ilisema silinda nne mwisho, na wote walikuwa kwa mipigo miwili. Honda wakataka mipigo minne kwa kichwa ngumu. Wakachonga pistoni zenye umbo la yai lililofinywa, valvu nane kila silinda, ili silinda nne zifanye kazi ya nane bila kuvunja sheria. NR500. Ujanja mzuri, matokeo bure: haikushinda grand prix hata moja. Wakaiacha, wakaunda ya mipigo miwili yenye silinda tatu tu, na mwaka 1983 Freddie Spencer akachukua ubingwa nayo, akimshinda Kenny Roberts wa Yamaha ya silinda nne kwa pointi mbili. Hiyo ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Ya sasa nitapita haraka. Mwaka 2002 kalamu ikarudisha mipigo minne, Honda wakaja na silinda tano. Mwaka 2012 ikaandikwa nne mwisho. Na tangu mwaka huo huo, vijana wa Moto3 wanakimbia kwa cc 250, silinda moja. Kama posho mill.

Sasa rudi Isecheno. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250. Hapo ndipo barabara ya kwenda Shinyalu na Khayega ilijaa. Nani angeleta silinda nne hapa, na ya nini? Silinda moja inakula petroli kidogo, plagi ni moja, kabureta moja, na ikikufa Jumamosi ukirudi kutoka kutazama ng'ombe wakipigana, fundi anaifungua chini ya mti. Bro yangu mkubwa anabeba watu na miwa na hiyo injini tangu nikiwa primary. Hakuna mtu wa steji aliyechagua hesabu hiyo peke yake.

Kinachonikosesha usingizi ni kalamu inayofuata. Mwaka 2023 sheria ya fedha ilitoa VAT kwa pikipiki za umeme. Silinda sifuri. Kwa bro yangu ni sawa, mafuta yamepanda na betri haina oili ya kubadilisha. Lakini fundi? Anajua sauti ya valvu iliyolegea akiwa ng'ambo ya barabara, na hiyo ndiyo mali yake yote.

Juzi jamaa alisimama hapa na moja ya umeme. Fundi akaizunguka mara mbili, akachuchumaa, akaniuliza, "Kijana, hii wanafungulia wapi?" Sikuwa na jibu. Ameniomba nimtafutie video za kufungua ile mota. Nimepata mbili mpaka sasa, zote kwa Kihindi. Mwenye nazo kwa Kiswahili aweke hapo chini.