Goma: kiwanja kilifunikwa, karatasi ikabaki

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkeno Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwa Kivu. Ilifunika nyumba, maduka, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu zaidi ya laki moja walikosa makao.

Wakaaji walirudi mawe yakiwa bado moto. Lakini kabla ya kujenga, kila mmoja alijiuliza: kiwanja changu kinaanzia wapi? Barabara, miti na alama za mipaka vilikuwa chini ya lava. Kwa sheria ya Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, na cheti cha usajili ndicho kinaithibitisha. Aliyekimbia na karatasi zake alikuwa na pa kuanzia. Aliyeziacha nyumbani alibaki kutegemea ushahidi wa majirani.

Kisha nyundo zikalia. Lava ikapasuliwa, ikawa mawe ya msingi, na juu yake zikasimama nyumba za mbao.

Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikafika Buhene. Ndugu msomaji, kabla ya kununua mbao, pita kadasta, omba ruhusa ya kujenga, na nakala ya karatasi uiweke mbali na nyumba.