Tinde, njia panda yenye moshi

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda au Burundi, likishaiacha Nzega, hufika Tinde na kukuta barabara imegawanyika. Wa Shinyanga na Mwanza hushika kulia. Wa Isaka, Kahama na Rusumo hushika kushoto. Kabla ya kuachana, wengi husimama kwanza, na wanaposimama magari ndipo penye moshi.

Ukija na wenzako watatu hapa, hamwanzi kwa kukaa. Mnakwenda jikoni. "Mwadila," mnamsalimia mchomaji nyama kwa Kisukuma, naye anaitikia huku akionyesha paja na mbavu zinazoning'inia. Mnabishana kidogo kuhusu mafuta, mnakubaliana, anakata na kuweka kwenye mizani. Kilo moja na nusu, ndizi nne, pilipili pembeni. Baada ya nusu saa hivi nyama inaletwa kwenye sinia, inakatwakatwa mbele yenu, chumvi inamiminwa pembeni, na jagi la maji ya kunawa linapita mkono kwa mkono. Hakuna sahani ya mtu. Sinia ni la wote.

Mgeni anaweza kudhani Wasukuma, watu wa ng'ombe, wamekula hivi tangu zama za mababu. Sivyo. Choma wamechoma siku zote, lakini nyama ya kupimwa kwa kilo na kulipiwa na marafiki waliochanga ni jambo jipya, na limepita njia ndefu kufika kwenye sinia hili.

Kwa Msukuma wa zamani ng'ombe hakuwa kitoweo. Alikuwa mahari ya kijana, akiba ya mwaka wa njaa, maziwa ya watoto na heshima ya mji. Nyama ililiwa kwenye arusi, msiba au tambiko, na pale mwenye shamba alipoita elika, kikundi cha vijana waliolima pamoja kwa ngoma, akawachinjia wakimaliza. Nyama hiyo haikuwa na bei. Aliyeila leo alijua kesho jembe lake litahitajika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ugonjwa uliofagia mifugo Afrika Mashariki yote. Maboma yalibaki matupu, na malisho yasiyokanyagwa yakageuka vichaka. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o akaleta nagana, hata waliopata mitamba mipya wakakosa pa kuichungia. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 mtafiti C.F.M. Swynnerton aliifanya Shinyanga kituo cha utafiti wa mbung'o. Maelfu ya wanavijiji walitoka na mashoka na moto, wakafyeka mapori. Ng'ombe wakarudi, wakazaana, na Shinyanga ikawa miongoni mwa maeneo yenye mifugo mingi kabisa nchini.

Penye ng'ombe wengi hapakosi wezi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa na wizi wa mifugo ukawa wa kumwaga damu. Mwaka 1981 na 1982 vijiji vya Kahama na Nzega vikajibu kwa sungusungu, ulinzi wa wanavijiji wenyewe. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde, na asiyetoka alitozwa faini. Kwa watu waliokesha wakilinda zizi, kumchinja ng'ombe kwa sababu tu wana hamu ya nyama kungekuwa kichekesho.

Walioileta hamu hiyo kwa kilo ni watu wasio na zizi: dereva, utingo, mfanyabiashara na mchimbaji. Wote wana fedha mkononi na nyumbani ni mbali. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966, ukafungwa. Kisha Serikali ilipolegeza masharti na Benki Kuu kuanza kununua dhahabu mwaka 1990, wachimbaji wadogo walifurika Geita na Kahama. Yakafuata makampuni makubwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitema dhahabu, kijana aliyelala njaa juzi ananunua mbavu nzima na kuita kila anayemfahamu. Huyo ndiye mwenye ng'ombe wa zama mpya, ambaye hajawahi kuchunga hata mmoja.

Barabara ikamalizia kazi. Hadi miaka ya mwanzo ya 2000 basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam lilizungukia Nairobi, kwa ubovu wa njia ya kati. Lami ilipounganisha Singida, Nzega na Shinyanga, njia panda ya Tinde ikageuka mlango wa nchi jirani.

Vijana wanaotazama tamthilia za Kikorea wanalijua sinia la aina nyingine: meza yenye jiko katikati, marafiki wameizunguka, nyama ikigeuzwa na kukatwa kwa mkasi palepale. Tunaiona ni anasa ya watu waliokwisha kushiba. Lakini Wakorea nao walikuwa wakulima waliomhitaji ng'ombe shambani, na wafalme wa enzi ya Joseon walipiga marufuku mara kwa mara kumchinja. Mji wa Suwon, unaosifika kwa mbavu za kuchoma ziitwazo galbi, ulipata sifa hiyo kutokana na mnada wake mkubwa wa ng'ombe. Na nyama ya tumbo la nguruwe, samgyeopsal, iliyoenea kati ya miaka ya 1970 na 1980, ina simulizi linalopendwa huko: kwamba wachimbaji wa makaa ya mawe waliila jioni wakiamini mafuta yake huosha vumbi kooni. Mchimbaji wa Kahama angelielewa simulizi hilo bila mkalimani.

Tofauti ni nani anashika moto. Kwao mara nyingi mchomaji ni mmoja wa walaji. Kwetu kuna mtu wa jiko, na sifa ya baa nzima iko kwenye vidole vyake.

Moto huo una deni lake. Mapori yaliyofyekwa ili kumfukuza mbung'o hayakurudi yenyewe, na kufikia miaka ya 1980 sehemu za Shinyanga zilikuwa zikiitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mpaka kiangazi. Miti ilirudi kwenye mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa. Ng'ombe aliye kwenye mizani huenda alilishwa na ngitili. Mkaa ulio chini yake ulitoka kwenye mti, na mti huo hauulizwi kwenye bili.

Sinia linapokaribia kwisha, watu wanne waliochanga sawasawa, ambao kila mmoja ana haki ya robo kamili, huacha kipande kimoja katikati. Huyu anakisogeza kwa yule, yule anakirudisha. "Chukua wewe." "Nimeshiba, bwana." Utingo anapiga honi barabarani. Mwishowe kipande anapewa aliye mdogo kuliko wote, kama ambavyo angepewa shambani baada ya jembe, na wanainuka kwenda kunawa.