Kigumba cha Kuwindia Dubu

Dubu mkubwa wa milima ya Marekani ni mnyama mwenye manyoya mazito, mafuta tele na mifupa migumu. Je, mshale utamwezaje? Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata mishipa hata mnyama akaishiwa damu. Basi shauri lote ni la kigumba.

Mwaka 1911 alitokea huko California mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, ambao wengi wao waliuawa na walowezi. Aliitwa Ishi; kwa lugha yao maana yake ni mtu, wala si neno letu la kuishi. Alichonga vigumba kwa jiwe jeusi la milima ya moto, na hata kwa vioo vya chupa. Tabibu Saxton Pope alijifunza upinde kwake, mpaka Ishi alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope alijaza sanduku maini ya ng'ombe, akalifunika kwa ngozi, akalipiga mishale. Jiwe likapenya kupita feleji! Wanaodharau kazi za wazee na walifikiri neno hilo.

Lakini jiwe likigonga mfupa huvunjika. Mwaka 1920 Pope na mwenzake Arthur Young walipata ruhusa ya kuwinda dubu Yellowstone kwa ajili ya makumbusho ya San Francisco. Wakachukua vigumba vipana vya feleji, visivyo na sumu kama watiayo Wakamba, nao wakawaua. Hata porini walikuwa na tupa ya kunolea, maana kigumba butu husukuma mshipa kando, na dubu aliyejeruhiwa humgeukia mwindaji.